Kumbukumbu, ukumbusho, masalia: vitu vya watu mashuhuri

Kumbukumbu (nomino, ngeli ya I-ZI) ni jambo linalokaa akilini, na pia maandishi yanayolihifadhi: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za mahakama. Ukumbusho (ngeli ya U) ni kile kinachoiamsha kumbukumbu. Anayenunua koti lililovaliwa na mwigizaji wa televisheni hanunui kumbukumbu. Ananunua kitu cha ukumbusho. Mfasiri akiandika "kumbukumbu za wasanii", msomaji atadhani anaelezwa habari za tawasifu. Ukumbusho hauna wingi uliozoeleka. Panapohitajika wingi, sema vitu vya ukumbusho.

Masalia ni mabaki ya kitu kilichokwisha au ya mwili wa aliyefariki. Wakatoliki hulitumia neno hili kwa mifupa na mavazi ya watakatifu. Likihamishiwa kwa watu mashuhuri huwa sitiari yenye kejeli kidogo, nayo hufaa hasa pale kitu kilipotoka mwilini. Mwaka 2006 William Shatner, mwigizaji wa Star Trek, aliiuzia kasino ya mtandaoni jiwe lililotoka katika figo yake kwa dola 25,000, na fedha hizo zikatolewa kwa shirika la hisani. Kuliita jiwe hilo ukumbusho ni kulipamba mno. Masalia yanalifaa zaidi, ingawa mwenyewe alikuwa hai na mzima. Umoja, salio, uepukwe: siku hizi msomaji atafikiria benki au simu.

Hata hivyo, ugumu mkubwa hauko kwenye nomino bali kwenye kiunganishi kidogo cha -a. Tazama "kiti cha Archie Bunker". Kiti hicho kilipokewa mwaka 1978 na Taasisi ya Smithsonian, nacho kimo katika makumbusho yake ya historia mjini Washington. Archie Bunker hakuwahi kumiliki kiti, kwa kuwa hakuwahi kuwapo: ni mhusika wa kipindi cha All in the Family, aliyeigizwa na Carroll O'Connor. Aliyekikalia ni O'Connor, naye pia hakuwa mwenyewe. Kiti kilikuwa mali ya watayarishaji. Tena, kipindi kilipoendelea baada ya kiti kutolewa, kilitengenezwa kingine kwa mfano wake, nacho watazamaji wakakijua kwa jina lile lile. Hiyo -a moja imebeba miliki, matumizi, uhusika na umbo, na katika mazungumzo haimkwazi mtu. Katika orodha ya mnada au hati ya mauzo itamkwaza, maana hapo anayesoma ana fedha mkononi.

Baada ya mnada wa vitu vya Star Trek uliofanyika New York Oktoba 2006, mnunuzi mmoja alimpelekea Brent Spiner, aliyeigiza Data, kofia ya kukinga macho na mwanga ili aitie saini. Kofia ilikuwa imeuzwa kama ile aliyoivaa Data akicheza karata. Spiner akamwambia kwamba siyo yenyewe. Shauri likafika mahakamani.

Kwa hiyo "kofia ya Data" isitumike pale ambapo asili ya kitu ndiyo inayouzwa. Tumia kirejeshi, na ukichague kwa uangalifu: iliyovaliwa na Spiner ni madai ya tukio, iliyotengenezwa kwa ajili ya kipindi haidai kwamba ilivaliwa, inayofanana na iliyovaliwa haidai hata kwamba ilifika studio. Matini chanzi ikiwa na utata, utata huo ubaki katika tafsiri au mteja aulizwe. Mfasiri asiutatue kwa kukisia.

Kitu kilichotengenezwa kwa kufuata kingine ni nakala au mfano. Bandia huongeza tuhuma ya udanganyifu, hivyo kiti cha pili cha Archie Bunker si bandia. Kofia ile nayo isiitwe hivyo isipokuwa kama udanganyifu umethibitishwa.