Barabara ya Kigali–Rusumo: njia ya mashariki inayoifikisha Rwanda baharini

Rwanda haipakani na bahari. Bandari iliyo karibu zaidi na Kigali ni Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 1,500 kwa barabara, ilhali Mombasa iko umbali wa takriban kilomita 1,700. Mafuta yanayouzwa katika vituo vya Remera, mchele wa Tanzania unaopikwa Nyamirambo na vifaa vya ujenzi vinavyopelekwa Bugesera, vingi miongoni mwake huingia nchini kwa lori, na sehemu kubwa ya malori hayo hupita mahali pamoja: daraja la Rusumo juu ya Mto Akagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania.

Barabara inayounganisha Kigali na daraja hilo ni kipande cha mwisho cha Ushoroba wa Kati, jina linalotumika kwa njia ya usafirishaji itokayo Dar es Salaam kuelekea nchi za Maziwa Makuu. Kwa zaidi ya miaka 40, uwezo wa njia hiyo ndefu ulipimwa kwa kigezo kimoja: ni gari ngapi zinazoweza kuvuka mto kwa siku.

Njia inakopita

Barabara huanzia Kigali, hupita Remera na kando ya uwanja wa ndege wa Kanombe, kisha huelekea mashariki hadi Rwamagana. Baada ya hapo hufika Kayonza, mji wa makutano. Njia ya kaskazini huenda Kagitumba, mpakani mwa Uganda. Njia ya kusini hupita Kabarondo, Kibungo na Kirehe, na kuteremka hadi Rusumo. Kutoka Kayonza hadi Rusumo ni kilomita 92.

Mteremko wa mwisho kabla ya mto ni mkali, na dereva wa lori lenye shehena hulazimika kuushuka kwa gia ndogo. Akivuka, mambo mawili hubadilika papo hapo. Rwanda magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, Tanzania upande wa kushoto. Na saa ya Tanzania iko mbele kwa saa moja.

Upande wa Tanzania barabara hupita Benaco, wilayani Ngara, na kufika Lusahunga, kisha Kahama, Isaka, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro hadi pwani. Isaka ina umuhimu wa pekee. Reli kutoka Dar es Salaam hupita hapo, na kwa miaka mingi bandari kavu ya mji huo imetumika kuhamishia shehena ya Rwanda kutoka kwenye mabehewa hadi kwenye malori.

Kabla ya lami

Kivuko cha Rusumo ni cha kale kuliko barabara. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa upande huo, akitokea pwani ya Afrika Mashariki na msafara wa wapagazi. Kigali ilipoanzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, bidhaa nyingi zilipita Bukoba, kwenye Ziwa Viktoria, na kutoka huko zilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wafanyabiashara na askari waliokuja na misafara hiyo ndio walioleta Kiswahili mjini, na ndiyo asili ya jamii ya Waswahili wa Kigali, ambayo baadaye ilijikita Biryogo na Nyamirambo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi inayopitiwa na barabara hii ilikaribia kutengwa na Rwanda kwa sababu ya njia nyingine ya usafiri. Katika makubaliano ya mwaka 1919 kati ya Uingereza na Ubelgiji, eneo la Gisaka, linalohusisha Kibungo na Rusumo ya leo, liliwekwa upande wa Waingereza. Hawa walitaka nafasi ya kupitisha reli waliyoiota kutoka Cape hadi Cairo. Mfalme Yuhi Musinga alipinga, wamisionari Wakatoliki wakamuunga mkono, na suala hilo likafika mbele ya Shirikisho la Mataifa. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa Rwanda. Reli hiyo haikujengwa.

Daraja la mwaka 1972

Daraja lililohudumia kizazi kizima cha madereva lilijengwa mwaka 1972. Lilikuwa na njia moja tu. Lori la upande mmoja lilipovuka, la upande wa pili lilisubiri, na magari mazito yalivuka moja moja kwa mwendo wa pole. Kadiri shehena ilivyoongezeka ndivyo foleni ilivyorefuka, na dereva aliyekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 alikwama akiwa anauona mwisho wa safari yake ng'ambo ya mto.

Daraja hilo hilo liliushuhudia mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Mto Akagera ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, takriban watu 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 kuelekea Ngara, wakikimbia vita na kusonga mbele kwa wapiganaji wa RPF. Kambi ya Benaco, iliyokuwa imetoka tu kufunguliwa, ikageuka mji kwa siku chache. Mwezi Desemba 1996 mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi kwa miguu, wakivuka daraja lile lile na kupanda mlima ule ule kuelekea Kirehe na Kibungo. Kwa familia nyingi za mashariki mwa Rwanda, hii si barabara ya mizigo pekee.

Haja ya njia ya pili

Kwa muda mrefu Rwanda iliitegemea zaidi njia ya kaskazini, inayopita Uganda hadi Mombasa. Matukio kadhaa yalionyesha hatari ya kutegemea mlango mmoja. Vita kati ya Uganda na Tanzania vya mwaka 1978 na 1979 vilivuruga usafiri kupitia Uganda. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilikata barabara na reli itokayo Mombasa, na Rwanda ikalazimika kugawa mafuta kwa kipimo. Kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, mpaka wa Gatuna na Uganda ulifungwa kwa sababu ya mvutano wa kisiasa. Katika kila tukio, uzito ulihamia Rusumo.

Rusumo nayo ilipata mtihani wake. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Rwanda iliweka utaratibu wa kubadilishana madereva au kupakua mizigo mpakani ili kupunguza maambukizi. Madereva wa Tanzania waliupinga, na malori yakasimama kwa siku kadhaa hadi serikali mbili zilipokubaliana. Bei sokoni Kigali hutegemea lami na daraja, lakini hutegemea vilevile maelewano ya nchi mbili na hali ya mtu aliyeshika usukani.

Mchango wa Japani

Ujenzi wa daraja jipya ulianza mwaka 2012 kwa msaada wa serikali ya Japani kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA, na ulikamilika mwishoni mwa mwaka 2014. Daraja hilo lina urefu wa mita 80 na njia mbili, hivyo malori hupishana bila kusubiriana. Marais Paul Kagame na John Magufuli walilizindua rasmi tarehe 6 Aprili 2016, pamoja na kituo cha huduma za pamoja mpakani.

Kituo hicho kilibadilisha kazi ya mpaka kama daraja lilivyobadilisha kivuko. Zamani dereva alisimama mara mbili: mara ya kwanza kwa maofisa wa nchi anayotoka, mara ya pili kwa maofisa wa nchi anayoingia. Sasa maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Utaratibu huo huenda sambamba na Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo huruhusu ushuru ulipwe kabla mzigo haujaondoka bandarini.

Daraja lilipopanuka, udhaifu ulihamia kwenye barabara yenyewe. Lami ya Kayonza hadi Rusumo ilikuwa imechakaa kwa uzito wa malori, na Japani ikatoa mkopo wa kuikarabati. Japani ilitoa pia mkopo kwa kipande cha Ngoma hadi Ramiro, chenye urefu wa takriban kilomita 53. Kipande hicho ni sehemu ya barabara inayokwenda Bugesera hadi Nyanza, na huyawezesha magari yanayotoka Rusumo kuelekea kusini mwa nchi kutoingia Kigali. Kwa shehena ya mji mkuu, kituo kikubwa cha mizigo kilizinduliwa Masaka mwaka 2019, kikiendeshwa na kampuni ya DP World.

Kazi iliyobaki

Upande wa pili wa mto, kilomita 92 za Rusumo hadi Lusahunga zilibaki zikilalamikiwa na madereva kwa mashimo na ubovu. Ukarabati wake, unaogharamiwa na Benki ya Dunia, ulichelewa kuliko ule wa Rwanda. Mpango wa reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali umejadiliwa kwa miaka mingi, na iwapo utatekelezwa, utapunguza mzigo unaobebwa na lami.

Hadi siku hiyo, shehena itaendelea kupanda mlima wa Rusumo kwa lori, na bei ya mfuko wa mchele Nyamirambo itaendelea kubeba ndani yake gharama ya kila kilomita mbovu na kila saa ya kusubiri kati ya Kigali na bahari.