Mabaraza ya Wafanyakazi Tangu Waraka wa 1970

Azimio la Arusha lilipofuatwa na utaifishaji wa mabenki na viwanda mwaka 1967, mali ilipata mwenyewe mpya, lakini ofisi ya meneja haikubadilika sana. Mfanyakazi aliyeambiwa kiwanda sasa ni chake aliendelea kupokea amri vilevile. Kamati za wafanyakazi zilikuwapo tangu sheria ya 1964 ya kulinda ajira, ila shughuli yake kubwa ilikuwa mashauri ya nidhamu.

Februari 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka Na. 1, akaagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Humo walikaa uongozi wa shirika, tawi la chama tawala, TANU, kamati ya wafanyakazi na wajumbe waliochaguliwa na wenzao. Walijadili mishahara, masoko, ubora wa bidhaa na mipango ya uzalishaji, kisha wakashauri. Uamuzi ulibaki kwa bodi. Yugoslavia, ambayo sheria yake ya 1950 iliyakabidhi mabaraza usimamizi wa viwanda, ilikuwa imethubutu zaidi.

Waliolipa wazo hilo uhai ni wafanyakazi wenyewe. Mwongozo wa TANU ulitoka 1971, na ibara ya 15 iliwakataza viongozi jeuri, majivuno na uonevu. Viwandani ibara hiyo ilisomwa kwa makini kuliko ilivyosomwa na wakubwa. Migomo iliyofuata haikuwa ya nyongeza ya mshahara peke yake; mara nyingi watu waliacha mashine wakitaka meneja anayewatukana aondolewe. Kudai heshima namna hiyo, katika nchi iliyokuwa imetoka ukoloni miaka kumi tu nyuma, kwangu ni ujamaa kamili kuliko hotuba nyingi za wakati ule.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe, na serikali ikawaunga mkono. Wenzao wa kwingine walipojaribu njia hiyohiyo, walikutana na polisi na kufukuzwa kazi. Chama kilichohubiri madaraka ya wafanyakazi kilishtuka kuyaona, na kosa hilo liliugharimu ujamaa wetu.

Mabaraza yangalipo wizarani, kwenye halmashauri na mashirika, chini ya sheria ya 2003 ya majadiliano katika utumishi wa umma. Wajumbe huipitia bajeti, huuliza maswali, hushauri.