Vumbi la Damu

Nyanya alianguka jikoni asubuhi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Jirani akasema ni upepo mbaya. Mjomba alikuwa amesikia kwamba aspirini inazibua mishipa, kwa hivyo tulipofika hospitali alikuwa tayari na kidonge mkononi. Sista akamzuia: "Ngojeni picha ya kichwa kwanza."

Nilikasirika sana. Mgonjwa ako hapa, dawa iko hapa, tunangoja nini? Baadaye, nikisoma, ndio nilielewa kwamba ubishi wa mjomba na sista una historia ndefu.

Turin, Italia, 1882. Daktari Giulio Bizzozero anatazama kwa hadubini damu ikipita kwenye mishipa ya wanyama walio hai. Katikati ya seli anaona vidude vidogo mno, ambavyo wengine walikuwa wamevichukulia kama mabaki tu, vumbi la damu. Kumbe mshipa ukijeruhiwa, hivyo ndivyo vinafika kwanza, vinashikana, vinaziba. Leo tunaviita chembe sahani. Bila hizo, ukijikata ukipika sukuma, damu haikomi upesi.

Shida ni kwamba kizibo hicho hicho kikitokea ndani ya mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Miaka ya 1940, Lawrence Craven, daktari wa kawaida huko Glendale, California, aligundua kwamba wagonjwa waliotolewa tonsili wakatafuna chingamu yenye aspirini walivuja damu sana. Akawaza: kama inazuia damu kuganda, si basi ikinge moyo na ubongo? Akawapa aspirini maelfu ya wanaume. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha, na wachache walimsikiliza. Alifariki 1957. Mwaka 1978 ndipo utafiti wa Kanada, wenye wagonjwa 585, ulipoonyesha kwamba aspirini inapunguza viharusi kwa wanaume waliokwisha kupata dalili za onyo.

Hadithi inafika hadi kwetu. Mwaka 2001, watafiti waliochunguza vimelea vya malaria kutoka kwa wagonjwa wa Kilifi waliripoti kwamba chembe sahani zinaweza kugandisha pamoja seli zilizoambukizwa, na kwamba jambo hilo linahusiana na malaria kali. Malaria ikifika kwenye ubongo, mtoto anaweza kupona homa na bado akabaki na kifafa.

Sasa yule sista. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ukiwa umepasuka, chembe sahani ndizo zinajaribu kuziba tundu, na aspirini inazifunga mikono. Kidonge cha mjomba kingeweza kumwokoa Nyanya au kumzika.

Picha ilionyesha mshipa ulioziba. Siku hizi, baada ya chai, Nyanya ananyoosha mkono wa kushoto: "Haya, lete ile dawa ya mjomba wako."