Kahama: Mji wa Njiani

Ndugu msomaji, zikitajwa nchi za Shinyanga na Geita, moyo hukimbilia almasi na dhahabu. Wazazi wengi wa pwani wamewaaga vijana wao wakienda huko kutafuta mali iliyofukiwa chini. Basi yafaa tuujue mji mmoja wa huko, Kahama, na tuujue umesimama juu ya nini.

Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ikifika Tabora njia zilikuwa zikigawanyika: moja ikenda Ujiji, nyingine ikishika kaskazini hata Karagwe na Buganda. Hii ya pili ilipita katika nchi za Wanyamwezi na Wasumbwa, ndiko iliko Kahama. Wala wenyeji hawakukaa kungoja wageni. Walishuka wenyewe pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na shanga.

Njia ile haikufa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza. Kituo chake cha Isaka, mashariki ya Kahama, kikawa mahali pa kushushia shehena za Rwanda na Burundi na kuzipakia katika malori, nayo hupita Kahama. Mji huo pia ni soko la mpunga wa mabonde ya huko. Huenda wali uliopika leo umetokana nao.

Dhahabu nayo ilikuja. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001, na wa Buzwagi, kando ya mji, mwaka 2009. Lakini dhahabu ina kikomo. Huko Geita mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1966, na kazi kubwa haikurudi mpaka mwaka 2000. Buzwagi nao ukafungwa mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu.

Je, Kahama ilikufa? La. Mwaka huohuo ilipandishwa kuwa manispaa, na sensa ya 2022 iliikuta ina watu wengi kuliko manispaa ya Shinyanga, makao makuu ya mkoa.

Ewe mzazi, unapomuaga mwanao, usimuulize atachimba wapi tu. Muulize ana kazi gani mkononi, na kama atapima sawa, atalipa deni na kumstahi mgeni. Shimo likikauka watu huliacha. Mfanyabiashara mwaminifu hurejewa na wateja wake.