Ngoma na Jiko: Wauza Vyakula wa Mashariki ya Nairobi

Popote watu wakusanyikapo kucheza ngoma, njaa huwafuata papo hapo. Jambo hili laonekana dogo, walakini likichunguzwa hueleza mengi juu ya mji wa Nairobi, na hasa mitaa yake ya mashariki, kuanzia Pumwani hata Dandora. Yafaa tujue jinsi chakula cha ngomani kilivyogeuka kutoka heshima kuwa biashara, na kwa nini muuzaji wake amekuwa akitafuta mahali pa kusimama kwa muda wa miaka mia moja.

Katika pwani yetu, tangu mwisho wa karne ya 19, vyama vya ngoma ya beni vilishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta, na kwa karamu. Chama kilichochinja ng'ombe na kulisha wageni wengi ndicho kilichopata sifa. Chakula hicho hakikuuzwa. Kilikuwa utukufu wa chama, ingawa kiliwagharimu wenyewe fedha nyingi.

Beni ilipopanda bara ilikuta hali nyingine. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji uliozaliwa hapo ulipangwa kana kwamba mfanya kazi wa Kiafrika hana jamaa. Alipewa mahali pa kulala, aghalabu pasipo na jiko. Mtu wa namna hiyo hana mke wa kumpikia wala shamba la kuvuna. Ana ujira mdogo na tumbo lisilongoja. Ndiyo sababu chakula kilichokwisha pikwa kikawa bidhaa, na karamu ya beni ikapata ndugu mpya: sinia ya kuuza.

Wanawake wa Pangani na Pumwani walikuwa miongoni mwa waliotambua haja hiyo mapema. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya mji ilijitwalia haki ya kuuza pombe mtaani humo, na mwanamke aliyepika pombe nyumbani akawa mkosaji. Kupika chakula kulibaki. Lakini mahali pa kupikia hapakuwa na amani: Pangani, mtaa wa zamani zaidi, ulibomolewa mwaka wa 1939, na wenyeji wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitaa kama Kaloleni ilijengewa kumbi za mikutano na dansi. Mwenye sinia alijua kwamba ukumbi una mwenyewe, nao mlango una mlinzi. Hivyo palipomfaa ni kando ya njia.

Dandora yenyewe ni mtaa wa baadaye. Mwaka wa 1975 serikali ya Kenya ilipatana na Benki ya Dunia kuhusu mkopo wa mpango mpya: watu wenye kipato kidogo wagawiwe viwanja vipatavyo 6,000, kila kimoja kikiwa na maji, choo na bafu, kisha mwenyewe ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Shule, zahanati na masoko yaliwekwa katika mpango. Wenye viwanja walijenga vyumba na kuvipangisha; mtaa ukajaa watu kupita ilivyotarajiwa. Na ubavuni mwake jaa kuu la taka la Nairobi likakua, hata mwaka wa 2001 likatangazwa kuwa limejaa.

Katika mtaa huo, miaka ya 1990, walitokea vijana watatu walioitwa Kalamashaka. Walifoka kwa Kiswahili na kwa Sheng, wakieleza maisha ya kwao bila kuyapamba. Baada yao likaja kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau, na msanii Juliani, mzaliwa wa Dandora. Hivyo mtaa uliojulikana kwa taka ukajulikana kwa muziki. Na penye muziki pana umati, na penye umati pana jiko.

Basi tulitazame jiko hilo. Mtaji wake ni makaa, sufuria, karai, meza, na mtungi wa maji. Hesabu yake ni ngumu kuliko ya kibanda cha kila siku, kwa kuwa ngoma ina mwisho. Tuseme mama ametumia shilingi 3,000 kupika sahani 60 za pilau, auze kila moja kwa shilingi 100. Mvua ikinyesha baada ya sahani 30, amerudisha mtaji wake tu, na kazi ya siku nzima imekwenda bure. Kwa hiyo wenye busara hupendelea vitu vipikwavyo mnunuzi akiwapo: viazi karai, mahindi ya kuchoma, mutura, chapati. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, hata tatizo la chenji limepungua.

Liko tatizo kubwa kuliko hayo, nalo ni ruhusa. Sheria yamtaka mpishi awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita, na kibali cha kaunti. Matakwa haya si ya uonevu, maana kipindupindu hakichekwi. Walakini mwaka wa 2017 ugonjwa huo ulipozuka Nairobi, uliwapata hata wageni wa mkutano uliofanyika katika hoteli ya fahari. Tujifunze hapa kwamba adui ni maji machafu, wala si umaskini wa mpishi. Kumfukuza muuzaji hakusafishi maji; kumpa bomba husafisha mikono yake na ya wateja wake.

Matamasha ya kulipia kiingilio, kama Blankets and Wine lililoanza mwaka wa 2008, yana ua, lango, na ada ya nafasi. Mwenye mtaji mdogo hubaki nje. Lakini tuangalie Unguja. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka wa 2004, lilifanyika Ngome Kongwe, hatua chache kutoka bustani ya Forodhani, ambako wauza vyakula walikuwa wakikaanga na kuchoma kila jioni tangu zamani. Tamasha liliwafuata wao. Na bustani ilipotengenezwa upya, kazi iliyokamilika mwaka wa 2009, majiko yalirudi humo.

Dandora nayo imeonyesha kwamba yaweza. Vijana wa Dandora Transformation League wamesafisha nyua za pamoja zilizokuwa madampo, wakapanda miti, na watoto wakapata pa kuchezea. Uwanja safi wenye bomba ni mahali pa ngoma, na kadhalika ni mahali pa jiko.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Dandora imecheza, na sifa yake imevuka mipaka ya Kenya. Haki yataka tuzo hiyo igawanywe, sehemu yake ifike kwa yule anayesimama motoni ili wachezaji wasilale na njaa. Karamu ya beni ilikuwa heshima ya mwenye kulisha. Hapana sababu heshima hiyo ipotee kwa kuwa sasa chakula kina bei.