Vipindi Vilivyookolewa Sebuleni

Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa tarehe 2 Juni 1953, Waingereza wengi hawakuwa na televisheni. Walikuwa na jirani mwenye televisheni. BBC ilipopiga hesabu baada ya sherehe ilikuta watu kama milioni 7.8 walitazama majumbani mwao, milioni 1.5 wakatazama baa, kumbi za sinema na mahali pengine pa hadhara, na milioni 10.4, kundi lililoshinda yote, walitazama kwa marafiki. Mapazia yalishushwa mchana ili picha ionekane, viti vikaazimwa, watoto wakakaa chini mbele. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa enzi za seti moja mtaa mzima hahitaji kuelezwa zaidi.

Vitabu vingi husema siku hiyo ndiyo iliyowauzia Waingereza televisheni. Sawa. Lakini ilionyesha pia kwamba chombo kile kilikuwa cha kutazama na wenzako, na kesho yake kumhadithia aliyekosa. Na enzi zile aliyekosa alikuwa amekosa kwelikweli. Kipindi kilipita hewani kikapotea, na kwa miaka mingi wenyewe BBC hawakuona haja kubwa ya kukitunza. Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa watu wasiolipwa: watoto wenye maikrofoni, mashabiki, marafiki waliotumiana kanda kwa posta. Sehemu kubwa ya historia ya televisheni ya Uingereza ipo leo kwa sababu mtu fulani alimpenda mwigizaji fulani akataka rafiki yake naye amwone.

Wiki chache tu baada ya kutawazwa kwa Malkia, Julai 1953, BBC ilianza kuonyesha The Quatermass Experiment, tamthilia ya Nigel Kneale kuhusu roketi iliyoondoka na watu watatu ikarudi na mmoja. Zilikuwa sehemu sita, zikichezwa moja kwa moja kutoka Alexandra Palace, kaskazini mwa London. Mkosi wa mwigizaji, kikohozi, pazia lililogoma, vyote viliingia hewani. Dude la kutisha la sehemu ya mwisho, lililokuwa limejishikiza ndani ya kanisa la Westminster Abbey, lilitengenezwa na Kneale mwenyewe na mchumba wake Judith Kerr, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Walichukua glavu wakazibandika majani na vikorokoro, wakapenyeza mikono kwenye picha kubwa ya ndani ya kanisa, na taifa likaogopa. Leo hakuna awezaye kuliona tukio hilo. Sehemu mbili za kwanza zilirekodiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo, matokeo hayakupendeza, zilizofuata zikaachwa zipotee.

Hata neno marudio lilikuwa na maana nyingine. BBC ilipocheza Nineteen Eighty-Four Jumapili ya tarehe 12 Desemba 1954, Peter Cushing akiwa stelingi, watu walilalamika kwamba inatisha mno, na mjadala ukafika hadi Bungeni. Siku nne baadaye, Alhamisi, waigizaji waliitwa tena studio wakaicheza upya yote kuanzia mwanzo. Waliokuwa wamesikia habari zake kazini na kwenye mabasi wakapata nafasi ya kuhakiki wenyewe. Ni huo mchezo wa Alhamisi uliorekodiwa na kubaki. Vijana wanaomjua Cushing kwa ule uso mkavu kwenye Star Wars ya 1977 wakitaka kujua kwa nini wazee walimheshimu, waanzie hapo.

Waigizaji wenyewe walikuwa na shida ya pekee: wangeonyeshaje kazi yao kwa mtu wa kuwaajiri ikiwa imeyeyuka hewani? Shida hiyo ndiyo iliyomlisha John Cura. Tangu mwaka 1947 huyu bwana alikaa mbele ya televisheni nyumbani kwake London na kamera aliyoirekebisha, akipiga picha kioo kipindi kikiendelea. Kipindi cha nusu saa kilimpa picha 60 na ushee, ndogondogo, alizozipanga kwenye karatasi na kuwauzia waigizaji, waongozaji na BBC yenyewe. Aliendelea hadi 1968, na mwaka uliofuata akafariki. Hakujua kwamba kwa vipindi vingi karatasi zake ndizo pekee zingebaki.

Kisha ukaja mkanda wa video. Mtu angedhani hapo tatizo lingekwisha, likazidi. Mikanda ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi mbili, ghali kupindukia, na sifa yake kubwa machoni mwa wahasibu ni kwamba ingeweza kufutwa na kutumika tena. Mikataba na chama cha waigizaji ilibana idadi ya marudio, kwa hoja kwamba kipindi cha zamani kikirudiwa kila mara, wa leo atakosa kazi. Rangi zilipofika BBC1 na kwa mpinzani wake ITV mwezi Novemba 1969, nani angetaka tena vipindi vya nyeusi na nyeupe? Kwa hiyo vilifutwa. Si haki kuwaita wapumbavu, maana kila aliyesaini karatasi ya kufuta alikuwa na sababu inayoeleweka. Ila Peter Cook alipojitolea kununua kwa fedha zake mikanda ya Not Only... But Also, vichekesho vyake na Dudley Moore, BBC ikakataa na kufuta, hapo sababu zinakuwa ngumu kueleweka.

Vipindi hivyohivyo vilivyokuwa vinafutwa ndivyo vilivyotawala maongezi ya nchi. Oktoba 1964, siku ya uchaguzi mkuu, ratiba ya BBC ilikuwa na marudio ya Steptoe and Son, vichekesho vya baba na mwana wanaokusanya vyuma chakavu kwa mkokoteni wa farasi. Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, aliona hatari: wapiga kura wake, watu wa viwandani, wangetoka kazini, wakae kumcheka mzee Steptoe na wasahau kwenda kupiga kura. Alimfuata mkurugenzi mkuu wa BBC, Hugh Greene, na kipindi kikasogezwa mbele hadi vituo vya kupigia kura vilipofungwa. Labour ilishinda kwa wingi wa viti vinne tu. Na sehemu nyingi za Steptoe za mwaka 1970 zipo leo kwa kuwa watunzi wake, Ray Galton na Alan Simpson, walikuwa na nakala zao wenyewe, za nyeusi na nyeupe, wakati zile za rangi za BBC zimekwenda na maji.

The Forsyte Saga ilienda mbali zaidi. Ilianza Januari 1967 kwenye BBC2, idhaa ambayo nyumba nyingi hazikuipata, sehemu 26 za ugomvi wa ndoa na mali katika ukoo wa matajiri. Waliobahatika kuiona waliwakera wasioiona kwa mazungumzo yasiyoisha: Soames, aliyechezwa na Eric Porter, ni mkatili au ni wa kuhurumiwa? Irene wa Nyree Dawn Porter ana haki kumkimbia? Iliporudiwa kwenye BBC1 kuanzia Septemba 1968, Jumapili jioni, baadhi ya makanisa yalibadilisha saa ya ibada ili waumini wawahi nyumbani. Watu milioni 18 walitazama sehemu ya mwisho. BBC ilifanikiwa kuiuza hata Urusi ya Kisovieti, na mafanikio yake Marekani yakazaa Masterpiece Theatre, kipindi kilichoanza Januari 1971 mahsusi kwa ajili ya tamthilia za Waingereza, mwenyeji wake akiwa Alistair Cooke, mzee wa suti aliyekaa kwenye kiti cha kifahari akiwaeleza Wamarekani kwa nini wanapaswa kutazama. Cooke alifanya kwa taifa zima kile ambacho rafiki hufanya kwenye simu.

Watoto walikuwa na njia yao. Doctor Who ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, ikimhusu mzee wa ajabu, William Hartnell, anayesafiri katika wakati ndani ya kibanda cha simu cha polisi. Katika miaka sita ya kwanza zilitengenezwa sehemu 253. Jumamosi jioni, hapa na pale nchini, kulikuwa na kijana aliyeweka kinasa sauti cha kanda karibu na televisheni, maikrofoni mbele ya spika, na kuwasihi wa nyumbani wanyamaze kwa dakika 25. Hakuwa na njia ya kunasa picha, basi alinasa sauti. Katikati ya wiki angewasikilizisha wenzake, akiwaeleza kilichokuwa kikionekana pale kelele zinapozidi. Waliofanya hivyo hawakuwa wengi, lakini walitosha: sauti za sehemu zote 253 zipo. Picha za nyingi BBC ilifuta, na ufutaji ulikoma mwaka 1978 tu.

Deki za video zilipoingia majumbani mwishoni mwa miaka ya 1970, kurekodi kukawa ugonjwa wa familia, na jarida la Radio Times likawa ramani. Lilikuwapo tangu 1923, na hadi 1991 liliorodhesha vipindi vya BBC peke yake. Aliyetaka ratiba ya ITV alinunua TV Times. Watu wazima wenye akili zao walilipia majarida mawili ili kujua kuna nini usiku. Toleo la Krismasi la 1988 liliuza nakala zaidi ya milioni 11. Lilikaa mezani wiki mbili, kila mtu akizungushia kalamu filamu yake, na ugomvi wa nani afute kanda ya nani ukaendelea hadi mwaka mpya.

Ng'ambo ya Atlantiki biashara ilikuwa nzito zaidi. Stesheni ya KERA ya Dallas ilipoonyesha vichekesho vya Monty Python mwaka 1974, ikiwa ya kwanza Marekani, wengi walitaka zaidi ya kile stesheni zao zilichokuwa tayari kununua. Waliandikiana na wenzao wa Uingereza. Kanda zikavuka bahari kwenye bahasha, na zikifika zikagoma, kwa kuwa mfumo wa picha wa nchi moja haukusomeka kwenye deki ya nchi nyingine. Dawa ya maskini ilikuwa kutafuta mwenye deki ya Kiingereza, kisha kuelekeza kamera kwenye kioo kama alivyofanya Cura. Blake's 7, hadithi ya waasi wa angani iliyokwisha Uingereza mwaka 1981, ilijulikana Marekani hivyo kabla stesheni za huko hazijaigusa. Nakala ilizaa nakala, na iliyomfikia mtu wa tano ilikuwa chenga tupu, nyuso za kijani, sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Hawakujali. Walitazama kumi kwenye chumba kimoja, aliyeijua hadithi akiwatafsiria wageni yale yasiyoonekana.

Afrika ilikuwa na nafasi yake katika habari hii, na si ndogo. BBC iliuza vipindi vyake kwa filamu za milimita 16 kwa stesheni changa za Kenya, Uganda, Zambia, Nigeria na kwingineko. Stesheni ikimaliza, ilitakiwa kuzirudisha, kuziteketeza au kuzituma kwa stesheni nyingine, na kama kila ofisi inavyojua, kuna makasha ambayo hayakupelekwa popote. Nigeria ilirudisha baadhi mwaka 1984. ITV nayo ilipata soko huku: Mind Your Language, vichekesho vya mwalimu wa Kiingereza na wanafunzi wake wageni, ilikatishwa mwaka 1979 baada ya kulaumiwa kwao kwa kuwadhihaki watu wa mataifa mengine, lakini Wakenya waliendelea kuitazama kwa miaka, na kuigana matamshi ya wahusika wake ukawa mchezo wa shuleni. Lawama zile zilikuwa na msingi. Kicheko nacho kilikuwa cha kweli.

Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, Mwingereza anayezunguka dunia akitafuta filamu za namna hiyo, amekuta makopo katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Ndani yake mlikuwa na sehemu tisa za Doctor Who za mwaka 1967 na 1968 zilizodhaniwa zimetoweka. Katika hadithi ya kwanza, The Enemy of the World, Patrick Troughton, aliyechukua nafasi ya Hartnell, anacheza watu wawili, shujaa na dikteta, na waliokuwa wakisifiwa uigizaji huo na kaka zao kwa miaka 45 wakauona kwa macho. Hadithi ya pili, The Web of Fear, ilipatikana pia, kasoro sehemu ya tatu. Na bahati mbaya iliyoje, maana hiyo ndiyo anayoingia kwa mara ya kwanza Lethbridge-Stewart wa Nicholas Courtney, mmoja wa wahusika waliopendwa kuliko wote. BBC ilipoitoa hadithi hiyo kwenye DVD mwaka 2014, pengo lile lilizibwa kwa picha alizopiga John Cura kwenye kioo cha nyumbani kwake, zikiambatana na sauti iliyonaswa na shabiki mbele ya televisheni ya kwao.