Ripita: mtambo uliojipigia kelele sikioni

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuzungumze historia. Lakini kwanza niungame kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kujibu SMS za wateja wa duka moja. Niliijaribu mchana, ikafanya kazi vizuri, nikaenda kulala. Usiku ukaingia ujumbe kutoka kwa mtambo mwingine ambao nao ulikuwa wa kujijibia. Programu yangu ikajibu, ule nao ukajibu jibu, na wakaendelea hivyo hadi salio la mwenye duka likaisha. Simu niliyopigiwa asubuhi sitaisahau.

Nilipomsimulia mzee mmoja fundi wa redio, alicheka hadi machozi. "Kijana wangu," akasema, "hilo kosa limekuzidi umri. Nenda kasome habari za ripita."

Nikaenda, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Ripita ni kituo cha redio kinachowekwa mahali pa juu. Kinapokea sauti kwa masafa moja na papo hapo kuirusha upya kwa masafa mengine. Redio za VHF hufika karibu hadi upeo wa macho tu, kwa hiyo watu wawili waliotenganishwa na mlima hawasikiani. Weka ripita kileleni, na redio ndogo ya mkononi itasikika wilaya nzima.

Wapenzi wa redio za ridhaa, yaani wenye leseni ya kurusha mawimbi bila biashara, walianza kujenga mitambo hii Marekani. Mmoja wa waanzilishi ni Art Gentry wa Los Angeles, aliyeitwa W6MEP hewani. Ripita yake, K6MYK, ilikuwa kazini tangu miaka ya 1950. Lakini vifaa vilikuwa ghali, na wenzake wengi walikuwa watu wa mshahara wa kawaida.

Neema ilitoka mahali pasipotarajiwa. Miaka ya 1960, serikali ya Marekani ilitaka kuongeza nafasi hewani, ikaamuru redio za teksi, polisi na kampuni zipunguze upana wa mawimbi yao kutoka kHz 15 kila upande hadi kHz 5. Redio nyingi za Motorola na General Electric, nzito, za vali, zilizofungwa kwenye buti za magari, zikageuka takataka kwa wenyewe. Wapenzi wa redio wakazinunua kwa bei ya kutupa, wakabadilisha fuwele zinazoamua masafa, na kuzipandisha milimani. Ukifikiria Gikomba hujakosea: mtandao mzima uliinuka kutokana na mitumba.

Hapo ndipo kosa langu la SMS linapoingia. Ripita husikiliza na kupaza sauti wakati uleule. Jozi ya masafa iliyopendwa sana ilikuwa 146.34 MHz ya kupokea na 146.94 MHz ya kurusha. Tofauti ni kHz 600 tu. Hebu tupige hesabu. Risiva nzuri husikia mawimbi ya mikrovolti 0.2. Transmita ya wati 50 iliyo kando yake ina nguvu mara 60,000,000,000,000,000 hivi kuliko sauti hiyo ndogo. Ni sawa na kujaribu kumsikia mtu anayenong'ona huku wewe mwenyewe umeshika kipaza sauti na kupiga mayowe.

Kituo kikawa kiziwi kwa sababu ya sauti yake. Aliye karibu alipita vizuri. Aliye mbali alifungua ripita, transmita ikawaka, naye akamezwa palepale. Transmita inapozima anasikika tena, kisha anamezwa tena.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya nguvu: risiva kilima hiki, transmita kilima kile, na waya au kiungo kingine cha redio katikati. Dawa bora ilikuwa dupleksa, seti ya mitungi ya chuma iliyopakwa shaba au fedha. Kila mtungi una urefu wa karibu nusu mita, robo ya urefu wa wimbi, na hupitisha masafa moja na kuzuia mengine. Mitungi ya upande wa risiva huzuia nguvu ya transmita. Ile ya upande wa transmita huzuia kelele inayomwagika hadi kwenye masafa ya kupokea. Ukiweka upande mmoja tu, tatizo linabaki. Na kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto, fimbo ya ndani hutengenezwa kwa invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli usiotanuka sana.

Mbinu yao ya kusaka hitilafu naipenda kuliko zote. Ondoa antena, weka mahali pake mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu yote bila kuirusha. Ingiza mawimbi dhaifu kwenye risiva, kisha washa transmita. Uziwi ukiisha, kosa liko nje: kebo, antena, au bolti yenye kutu mnarani, maana kutu huchanganya mawimbi na kuzaa mapya. Uziwi ukibaki, kosa liko ndani ya nyumba yako. Jaribio moja, na nusu ya washukiwa wameachiliwa. Sisi waandishi wa programu tungefanya hivyo mara nyingi zaidi, tungelala mapema.

Waliongeza pia toni ya chini ambayo sikio halitilii maanani, ili ripita ifunguke kwa wanaoijua tu, na saa ya kukata matangazo yasiyokwisha, mara nyingi baada ya dakika 3. Mwaka 1972 Marekani ikatunga kanuni maalumu za ripita.

Leo kila mnara wa GSM 900 unaoshikilia M-Pesa yako una machujio ya ukoo huohuo, tena kwa nafasi ya starehe ya MHz 45 kati ya kupokea na kurusha. Wale wa mitumba walihangaika na MHz 0.6.

Nami nilirudi kwenye programu yangu. Sasa inakagua kama ujumbe umetoka kwa mtambo, na haijibu nambari moja zaidi ya mara 3 kwa saa. Mwenye duka nilimlipa salio lake. Mzee fundi alipoona marekebisho hayo alitikisa kichwa, akasema, "Toni na saa ya kukata. Umechelewa miaka hamsini, lakini umefika."

Haya, tukutane tena juma lijalo.